Mashine ikipata joto, kipimo nacho kinahama

Fundi yeyote wa CNC, yaani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, hii anaijua: kipande cha kwanza cha asubuhi kinatoka na kipimo kimoja, cha mchana kinatoka na kingine, na programu haijaguswa, kisu ni kilekile, chuma ni kilekile. Wengi wanakimbilia kumlaumu opereta, na mimi hilo linaniuma kweli, manake mara nyingi mkosaji ni joto.

Chuma kinatanuka. Mita 1 ya chuma ikipanda nyuzi 1 tu inaongezeka mikroni 11 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sasa chukua skrubu ya nusu mita inayosukuma meza, ipande nyuzi 5 kwa msuguano wa nati na beringi zake, hapo ushapoteza karibu mikroni 30, na kuna kazi haziruhusu hata 10. James Bryan wa Marekani alipopitia tafiti za jambo hili mwaka 1990, alionyesha kuwa joto linaweza kubeba asilimia 40 hadi 70 ya makosa yote ya mashine!

Ukitaka kuliona mwenyewe, funga fimbo ya majaribio kwenye spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu, gusisha dayo geji (kipimo chenye mshale) iliyokaa mezani, weka sifuri. Sogeza meza pembeni, acha spindo izunguke nusu saa bila kukata kitu, isimamishe, rudisha meza palepale. Mshale haurudi kwenye sifuri.

Ndo hapo sensa zinapoingia. Unabandika vipima joto karibu na beringi ya mbele ya spindo, kwenye nati ya skrubu, kwenye mwili wa mashine, na kimoja cha hewa ya karakana, unarekodi joto pamoja na jinsi ncha ya kisu inavyohama, halafu unatengeneza fomula ambayo kompyuta ya mashine inaitumia kusogeza meza au kisu upande wa pili kwa kiasi kilekile, kazi ikiendelea.

Watu wanadhani ukijaza sensa nyingi ndo usahihi unaongezeka, hapana. Sensa mbili zilizokaa jirani zinasema kitu kilekile na fomula inayumba, bora chache zilizowekwa mahali penyewe. Tena mwili mzito unachelewa kupata joto wakati spindo inapata haraka, kwa hiyo fomula iliyojengwa kwa mzunguko wa kasi moja inaweza kukuangusha ukibadilisha kasi, lazima uijaribu kwa kasi tofauti na siku tofauti.

Na kitu kingine, fidia hiyo ya fomula inarekebisha kosa linalojirudia tu. Beringi ikishalegea, hakuna fomula itakayoiokoa, hiyo utaigundua kwa sensa ya mtetemo, na kisu kikianza kuwa butu mara nyingi umeme unaovutwa na mota ya spindo unapanda.

Mimi hata fomula ikiwa nzuri bado naiwekea mlinzi: tufe la chuma lililopimwa vizuri, limefungwa kwenye kona ya meza, probu (sensa ya kugusa inayofungwa kwenye spindo) inaligusa kila baada ya vipande kadhaa. Likionekana limehama wakati halijaguswa, basi fomula imeanza kupitwa na unairekebisha kabla kipande kinachofuata hakijaharibika.