Boycott: jina la mtu lililogeuka kitenzi

Wapinzani "wame-boycott" kikao. Watu mtandaoni wanahimizana "ku-boycott" bidhaa fulani. Maana yake ni kwamba kundi la watu limekubaliana kukata ushirikiano na mtu, kampuni au shughuli ili kushinikiza jambo libadilike. Magazeti yetu huandika kususia au kugomea. Neno la Kiingereza halikutoka Kilatini wala Kigiriki. Ni jina la ukoo la mtu mmoja, na huyo mtu hakususia chochote. Yeye ndiye aliyesusiwa.

Charles Cunningham Boycott, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, alisimamia ardhi ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880, baada ya misimu ya mavuno mabaya, wakulima waliokodi mashamba hayo walitaka kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Erne akakubali 10 tu. Septemba, Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Siku chache kabla yake, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa amehutubia mji wa Ennis. Alipouliza mtu anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa afanywe nini, wapo waliopaza sauti kwamba auawe. Parnell akasema hapana: atengwe, kama mkoma wa zamani.

Watu wa Mayo wakayafanya hayo kwa Boycott. Vibarua na watumishi waliacha kazi, maduka yakakataa kumuuzia, dobi hakupokea nguo zake, mazao yakabaki shambani. Novemba wakaletwa wavunaji 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na mamia ya askari na polisi. Ulinzi huo uligharimu takriban pauni 10,000. Mazao yenyewe yalikadiriwa kuwa ya pauni 500 hivi. Sidhani kama kuna viazi vilivyowahi kuvunwa kwa bei hiyo! Desemba ilipoingia, Boycott alishaondoka.

Kitenzi kilizaliwa hapo hapo. Mwandishi wa habari Mmarekani, James Redpath, alisimulia kwamba yeye na padri wa kijiji, John O'Malley, walikuwa wakitafuta neno ambalo wakulima wangelielewa kwa urahisi, padri akapendekeza jina la msimamizi mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa magazetini London, na baadaye Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakalichukua.

Tafsiri ya kususia inatosha, ila mzizi wake una harufu ya kununa: mtoto anasusa chakula peke yake, na wahenga wa mitaani wanamjibu, "Ukisusa, wenzio wala." Boycott inahitaji wengi, na hata hivyo wenzio wanaweza kula kweli.

Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ziarani Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 huko huko New Zealand, mjini Christchurch, hakukimbia. Dhahabu ikaenda kwa John Walker, Mnyuzilandi aliyekuwa wa pili siku ile ya rekodi. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwemo, walikubaliana huko Gleneagles kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini.