Mtoto kashafanyiwa operesheni ya moyo, sasa tunajuaje kama kliniki inamhudumia vizuri?

Watoto wanaozaliwa na tatizo la moyo ni karibu 1 kati ya kila 100, na siku hizi wengi wakipata operesheni wanatoka wodini wazima, basi hapo watu wanashangilia na hospitali inaandika kwenye ripoti, operesheni ngapi zimefanyika na wangapi wameruhusiwa. Mimi niko upande wa pili, kliniki ya nje, ambako huyo mtoto atakuwa anarudi miaka nenda rudi mpaka awe mtu mzima, na huku wanaokuja kupima kazi yetu ni wachache sana.

Kwangu mimi swali la kwanza la ubora ni nani hajaja. Tuseme watoto 30 wamefanyiwa operesheni na wote walitakiwa kurudi ndani ya mwaka. Wamekuja 20, wote 20 wamepimwa eko (kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti), kliniki inaandika asilimia 100 na kila mtu anafurahi. Wale 10 je? Hesabu ya kweli ni 20 kwa 30, yaani kama asilimia 67 hivi. Na ukianza kuwapigia simu hao 10 ndo unayaona, namba haipatikani, familia imehama, mama anakwambia "mbona alishapona daktari, anacheza mpira kutwa nzima", na mwingine unakuta mmechelewa.

Huyo wa "alishapona" ndo ananinyima usingizi. Kuna tatizo linaitwa tetralojia ya Fallot, wale watoto wakilia wanageuka bluu midomo na kucha. Wakishazibwa tundu lililo ndani ya moyo na kupanuliwa njia ya damu ya kwenda mapafuni wanabadilika kabisa, hata majirani wanashangaa. Ila kwa wengi valvu, yaani kile kilango cha ile njia, inabaki inavuja, na chumba cha moyo cha upande wa kulia kinatanuka taratibu miaka kumi, kumi na tano, mtoto haumwi chochote. Kuna wakati wake wa kuweka valvu mpya, ukipita, chumba kilichotanuka sana hakirudi tena vizuri, na huo wakati utaujua kwa eko na MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili), kwa kumwangalia tu anavyokimbia hutajua.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyechunguza ubora wa huduma za afya, aliandika kwamba ubora wa huduma uuangalie sehemu tatu, vilivyopo (watu na vifaa), kinachofanyika na kinachompata mgonjwa. Mpaka leo tunatumia hiyo. Shida ni kwamba ya kwanza na ya pili ni rahisi kuweka tiki. Nishawahi kushika faili la mtoto wa miezi mitano, uzito umeandikwa vizuri kabisa kila alipokuja, 5.1, 5.1, 5.2, mwandiko wa watu watatu tofauti, na ukigeuza ukurasa ule mchoro wa ukuaji ni mweupe hauna hata nukta moja. Kwenye ukaguzi huyo mtoto anahesabika "amepimwa uzito", wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyemwona. Ndo maana siku hizi nauliza pia, baada ya kupima mlifanya nini?

Na gramu chache ni kitu kikubwa jamani. Mwaka 2000 hospitali moja ya watoto huko Milwaukee, Marekani, ilianza kuwapa mizani na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni wazazi wa watoto wenye pampu moja ya moyo badala ya mbili, wakati wanasubiri operesheni ya pili. Kila siku mama anapima nyumbani, anaandika kwenye daftari. Oksijeni ikishuka chini ya kiwango alichopewa, au mtoto akipungua gramu 30, au siku tatu zipite hajaongeza hata gramu 20, anapiga simu siku hiyo hiyo hasubiri tarehe ya kliniki. Baadaye vituo vingi vya Marekani viliungana kupeana takwimu na kuboresha huduma kwa pamoja, na vifo kwenye kile kipindi cha kusubiri vikashuka kutoka asilimia 9.5 hadi 5.3. (Kiwango hicho cha oksijeni ni cha hao wa pampu moja tu. Kwao asilimia 80 ni kawaida, ila mtoto aliyerekebishwa moyo kamili akisoma 80 huyo akimbizwe hospitali.)

Tunahesabu na mengine, meno yameangaliwa, maana bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu wakashambulia moyo, anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, damu yake imepimwa, na shule anaendeleaje, maana baadhi ya hawa watoto wanachelewa kuongea au kushika masomo na mkiwahi kugundua wanasaidika. Hilo la shule kliniki nyingi zinaliruka kabisa na mi naona ni kosa.

Mzazi, ukija kliniki omba uoneshwe mchoro wa uzito wa mwanao, uliza tarehe ya eko inayofuata, na acha namba mbili za simu, yako na ya bibi au jirani. Na kama mlipotea, hata iwe miaka mitatu, mlete tu, hakuna wa kukugombeza, tutamlaza kitandani tupime eko na jina lake litoke kwenye ile orodha ya wasioonekana.