Viini vya Mayai ya Kuchemsha Vimebaki? Vichekeche Kwanza

Wanaokula ute peke yake huishia na bakuli la viini vikavu visivyo na mwenyewe. Vingi huharibika jikoni kwa sababu moja: mpishi anavitumia kana kwamba ni vibichi. Kiini kibichi kikipata moto huganda na kushikanisha vilivyomo. Kilichochemshwa kimeshaganda ndani ya ganda, hakigandi mara ya pili. Ukikitia kwenye kababu ukitegemea kishike nyama, kababu zitamomonyoka kwenye mafuta. Kihesabu kama mafuta yaliyo katika umbo la unga laini, na matumizi yake yatajionyesha yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukichekecha. Chujio la chai la waya linatosha: weka kiini, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, kung'uta chini. Uma huacha chembe, na chembe hizo utazihisi ulimini hadi mwisho. Yai liwe limechemka dakika 10 hadi 12. Likiwahi kutolewa, katikati hubaki na unyevu unaoziba matundu. Likipitiliza, kiini huvaa utepe wa kijani, maana salfa ya kwenye ute imekutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Hakidhuru, ila kinanuka kidogo. Hicho kipeleke kwenye mchuzi wa viungo, usikitie kwenye biskuti. Kuzuia hali hiyo, tumbukiza mayai kwenye maji baridi mara tu yanapotoka motoni.

Kwa maoni yangu biskuti ndiyo matumizi bora kuliko yote. Waitalia wa Liguria wana biskuti ziitwazo canestrelli zinazotiwa viini vilivyoiva, na mlaji wa nankatai atazitambua mara moja kwa jinsi zinavyomung'unyika. Kiini kibichi kingeongeza maji, na maji yakikutana na unga wa ngano donge linavutika, biskuti inakuwa ngumu. Cha kuchemsha maji yake yamefungwa ndani ya protini iliyoganda, hivyo unga unapata mafuta bila kulowa.

Chukua unga wa ngano gramu 100, wanga wa mahindi gramu 50, siagi gramu 100, sukari ya unga gramu 50, viini 2, nusu kijiko cha chai cha iliki na chumvi kidogo. Siagi iwe laini bila kuyeyuka. Ukitumia samli, gramu 85 zinatosha kwa kuwa haina maji. Mimi naona harufu yake inakaa vizuri zaidi na iliki. Changanya mafuta na sukari, tia viini, kisha unga, na uache kukanda pale tu donge linaposhikana. Lipumzishe kwenye friji nusu saa, lisukume unene wa sentimita moja, kata, oka nyuzi 170 kwa dakika 12 hadi 15. Juu zibaki nyeupe, chini zianze tu kuwa za dhahabu. Donge likipasuka kingo unapolisukuma, bado ni baridi mno: lisubiri dakika chache, usiongeze maji. Biskuti zikitambaa kwenye trei, mafuta yalikuwa yameyeyuka. Na usizinyanyue zikiwa moto, zitakatikia mkononi.

Upande wa chumvi, Wafaransa wana gribiche, sosi baridi ya samaki wa kuchemsha au viazi. Saga viini 3 na kijiko cha chai cha haradali na kijiko cha chakula cha siki. Dondoshea mafuta ya kula mililita 120 huku ukipiga, tone kwa tone mwanzoni. Sosi hii hukatika, yaani mafuta hujitenga, upesi kuliko mayonezi. Ikikatika, weka kijiko cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli safi, kisha ipige humo kidogo kidogo. Malizia na matango ya siki na kotmiri iliyokatwa ndogo.

Kwenye mchuzi wa nazi, koroga viini 2 na vijiko vitatu vya tui zito mpaka viwe uji, umimine mwishoni moto ukiwa mdogo. Mchuzi utapata uzito na rangi. Katlesi pia zinavikubali: viini 3 kwa nusu kilo ya viazi vilivyopondwa. Vikizidi, viazi hukauka na katlesi hupasuka. Yai bichi la kuchovyea nje usiliache, ndilo linaloshika.

Kama hutapika leo, vifunike kwenye friji na uvitumie ndani ya siku 3 au 4. Vilivyokaa nje zaidi ya saa 2 vitupe. Kwenye friza vinakaa vizuri, tofauti na ute wa kuchemsha ambao hutoka mgumu kama mpira. Vigandishe vikiwa vizima, uvichekeche vikishayeyuka.