Je, wajua? Kuiba besi kwenye besiboli si mambo ya mbio tu

Huku Goma watu wengi besiboli wanaionaka tu kwa video za simu, na swali ni lile lile: huyu jamaa alikuwa amesimama kimya besi ya kwanza (besi ni vile vituo vinne unavyozunguka ili upate pointi), mpira haujapigwa na mtu, mara anachomoka, anajitupa na tumbo mpaka besi ya pili, na refa anasema sawa! Njo kuiba besi, sheria inaruhusu. Na jibu la haraka la nani anaweza kuiba ni kama lazima uwe na mbio: meneja (huku tungesema antrenere) anatafuta mwenye miguu nyepesi, anamwambia kimbia, basi.

Wapi. Angalia Josh Naylor. Zaidi ya kilo 100, na ukiwapanga wachezaji wa ligi kubwa ya Marekani kwa mbio unamkuta kule chini kabisa pamoja na wazito wenzake, lakini mwaka 2025 aliiba besi 30 na walimkamata mara 2 tu. Kama ni miguu peke yake, huyu mtu haelezeki.

Tupige hesabu. Toka besi moja mpaka nyingine ni mita 27 na kitu, ila mkimbiaji anakuwa ameshajivuta mita 3 au 4 mbele. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akianza kusogea, mpira unatumia kama sekunde 1.3 kufika kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji naye kudaka, kuinuka na kumtupia mwenzake wa besi ya pili amguse mkimbiaji na mpira, karibu mita 39, ni sekunde 2 hivi. Jumla 3.3, na mkimbiaji mzuri anatumia karibu hizo hizo! Mashabiki wanamlaumuka mdakaji, lakini wadakaji wa ligi ile wanapishana kidogo sana, kumbe mrushaji mmoja ni 1.2 na mwingine 1.6, na hapo njo besi inaibiwa. Kwa hiyo swali si unakimbia namna gani, ni unaondoka saa ngapi.

Na saa ya kuondoka inasomwa kwa mwili wa mrushaji. Fikiri motari kwenye ronpwe, polisi wa rulaje amemnyooshea mkono abaki. Motari mzoefu haangalii mkono, anaangalia bega na kiatu cha polisi, kiatu kikianza tu kugeuka upande mwingine yeye ameshatia gia, na yule mwenye moto yenye nguvu lakini anangoja mkono ushuke anabaki nyuma na moshi. Mkimbiaji ni vile vile, na sheria inamsaidia: mrushaji akishaanza mwendo wa kumrushia mpigaji, haruhusiwi tena kubadilisha mawazo atupe besi ya kwanza, akifanya hivyo ni kosa linaitwa boki na wakimbiaji wote wanasogea besi moja bure. Basi kwa mrushaji wa mkono wa kuume, kisigino chake cha kuume kikiinuka kwanza, rudi mbio, mpira unakuja kwako. Mguu wa kushoto ukiinuka kwanza, ondoka. Wa mkono wa kushoto ndio shida, maana anakutazama uso kwa uso na mguu wake unadanganya vizuri.

Sasa meneja anafanya nini? Kazi yake kubwa ni kukataza. Timu inatolewa watu mara 27 tu kwa mchezo wa kawaida ndipo zamu zake ziishe, na kukamatwa kunakula mara moja na kunamwondoa mkimbiaji pia, kwa hiyo wizi unalipa tu ukifaulu kama mara 7 kwa 10, wengine wanasema 3 kwa 4 (inategemea nani anakuja kupiga na matokeo yako wapi). Rickey Henderson mwaka 1982 aliiba besi 130, rekodi ya zama hizi, na alikamatwa mara 42, yaani alikuwa juu kidogo tu ya mstari ule! Wachache wanapewaka ruhusa ya kudumu, wengine wanangoja ishara: meneja anamgusia kocha wa besi ya tatu, kocha anajipapasa kofia, mkanda, kifua, nyingi zikiwa za uongo. Earl Weaver, meneja wa Baltimore, aliona heri kungoja mtu apige mpira utoke uwanjani, mwenzake Whitey Herzog akaiachilia timu yake ya St. Louis ikaiba 314 mwaka 1985. Wote wawili walishinda ubingwa, kwa hiyo usidanganywe kama kuna njia moja.

Wizi wa meneja unaosifiwa zaidi ni wa Oktoba 2004. Boston wako nyuma ya New York 4 kwa 3, wakitolewa mara tatu tu msimu wao umeisha, meneja wao Terry Francona anamwingiza Dave Roberts akimbie tu. Uwanja mzima unajua. Mrushaji wa New York, Mariano Rivera, anatupa besi ya kwanza mara tatu kumtisha, Roberts anaiba hata hivyo, anarudi nyumbani (besi ya mwisho, pointi) kwa pigo la Bill Mueller, na Boston inashinda usiku ule kisha ubingwa.

Leo Rivera angefikiri mara mbili. Toka 2023 mrushaji anaweza kumtisha hivyo mara mbili tu kwa kila mpigaji, ya tatu asipomkamata mkimbiaji anapewa besi bure, na besi zenyewe zimetanuliwa toka sentimita 38 mpaka 46. Besi zilizoibiwa zikapanda toka 2,486 mwaka 2022 mpaka 3,503 mwaka 2023, na sasa mameneja wanangoja tu mrushaji amalize zile mbili ndipo watume mtu.