Lofti: pembe ya kuijua kabla ya kununua fimbo mpya za gofu

Lofti ni pembe ya uso wa fimbo ya gofu, yaani kiasi ambacho uso huo umelalia nyuma badala ya kusimama wima. Hupimwa kwa digrii. Draiva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, huwa na digrii 9 hadi 12 hivi, kwa hiyo uso wake unakaribia kusimama. Weji ya mchangani, fimbo fupi ya kutolea mpira kwenye mchanga, huwa na 54 hadi 56, na uso wake umelala kabisa. Uso uliosimama hupeleka mpira mbali. Uliolala huurusha juu, huuzungusha kinyumenyume na kuufanya utulie pale ulipotua. Namba iliyochongwa kwenye fimbo, iwe 5, 7 au 9, haipimi kitu chochote. Inayopima ni lofti.

Nalisisitiza hili kwa sababu mchezaji wa ridhaa hapa Nairobi anapoamua kubadilisha fimbo zake, mara nyingi hupewa namba 7 aijaribu. Anapiga mipira kadhaa kwa fimbo yake ya zamani, anachukua ile mpya, na mashine inamwonyesha meta kumi na zaidi za nyongeza. Hapo moyo umeshanunua. Swali ambalo ningependa aulize kabla ya kutoa pesa ni hili: hizi mbili zina digrii ngapi?

Miaka ya 1970 namba 7 ya kawaida ilikuwa na digrii 36 au zaidi. Leo, katika seti zinazolenga wachezaji wa kawaida, utakuta 30, utakuta 28, na nyingine zimeshuka chini ya hapo. Seti za wachezaji stadi, zile zenye vichwa vyembamba, bado zinazunguka kwenye 34. Mpini nao umerefushwa kidogo. Kwa hiyo mtu anayelinganisha namba 7 mbili huenda analinganisha namba 7 na kitu kinachokaribia namba 5 ya zamani, na hakuna ajabu ikienda mbali zaidi.

Wapo wanaoita huu udanganyifu wa watengenezaji. Sikubaliani nao, ingawa hamu ya kuuza haikosekani. Vichwa vya siku hizi vimewekewa uzito chini na kwenye kingo, njia ambayo Karsten Solheim, mwanzilishi wa kampuni ya fimbo ya PING, alikuwa miongoni mwa walioifungua tangu miaka ya 1960. Uzito ukikaa chini mpira hupaa kwa urahisi, na ukikaa kwenye kingo kichwa hakipindi sana hata ukipiga nje ya kitovu. Fimbo kama hiyo ikiachiwa lofti ya zamani ingerusha mpira juu mno na kuupotezea umbali. Kusimamisha uso ni sehemu ya ubunifu wenyewe, na kwa mchezaji wa handikapu ya 20, yaani wa kiwango cha kawaida tu, ni msaada wa kweli.

Shida iko kwenye mapengo. Kwa kawaida fimbo mbili zinazofuatana huachana digrii 4 hivi, na tofauti hiyo huzaa meta 10 au 12 kati ya mpigo mmoja na mwingine. Sasa tazama kinachotokea seti ikisimamishwa yote. Weji ya kwanza, ile inayokuja pamoja na seti, zamani ilikuwa na digrii 48 hivi. Mpya inaweza kuwa na 43. Weji yako ya mchangani haijabadilika, ni ileile ya 56. Hapo katikati pamefunguka digrii 13. Mtu aliyekuwa akipiga meta 100 kwa moja na 75 kwa nyingine, sasa anapiga 112 na 75. Akisimama meta 90 kutoka kwenye bendera hana fimbo ya kumfikisha. Lazima apige nusu mpigo, na nusu mpigo ndio unaowashinda wengi wetu. Tena gofu ya ridhaa huamuliwa sana kuanzia meta 100 kurudi chini. Kwa hiyo anayenunua seti yenye weji ya 43 aweke kando pesa za weji mbili zaidi, tuseme ya 48 na ya 52, la sivyo amenunua umbali huku akipoteza alama.

Upande wa juu wa seti, wa fimbo ndefu, nao una shida yake. Namba 4 ya seti ya kisasa ina digrii 20 hivi, lofti ambayo zamani ilikuwa ya namba 2, fimbo ambayo watu wachache waliimudu. Hapa Nairobi ugumu unaongezeka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Mji uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hadi 10 kuliko pwani. Lakini hewa hiyohiyo nyepesi haiubebi mpira vizuri, kwa hiyo hupita chini zaidi na kutua ukiwa bado unakimbia. Fimbo yenye lofti ndogo mikononi mwa mtu mwenye mpigo wa polepole hutupa mpira usiotulia kwenye grini, ile nyasi fupi penye shimo. Ya pili ni nyasi za kikuyu, zilizotanda kwenye viwanja vyetu vingi na asili yake ni nyanda hizihizi za juu. Mpira ukizama humo, nyasi hushika shingo ya fimbo ndefu ya chuma na kuugeuza uso. Haibridi, fimbo iliyo kati ya chuma na mbao, ya digrii 22 au 23 hupenya vizuri zaidi, na kwa wachezaji wengi ndiyo inayostahili nafasi ya namba 4.

Ndiyo maana mwinuko usisahaulike pia unaponunua. Vipimo ulivyopigiwa Dubai, au ukiwa likizoni Vipingo kule pwani, havitafanana na vya viwanja vya Nairobi kama Muthaiga au Karen. Pima hapa unapochezea, uandike umbali ambao kila fimbo inabeba mpira kabla haujagusa ardhi. Kedi anayekubebea mfuko kila Jumamosi anaweza kukusaidia sana. Yeye ameona mpira unatua wapi siku zako mbaya pia. Orodha hiyo ikikamilika, mapengo yatajionyesha yenyewe, na sheria inakupa fimbo 14 tu za kuyajaza, kikomo kilichoanza kuwekwa mwaka 1938.

Huenda ukagundua huhitaji seti mpya. Fimbo za chuma cha kufuliwa zinaweza kupindwa shingo na fundi kwa digrii moja au mbili, na pengo likazibika kwa gharama ndogo. Za chuma cha kumimina ni ngumu zaidi na zinaweza kuvunjika, kwa hiyo muulize fundi kabla hajazibana kwenye mashine. Ukiwa na weji kumbuka kwamba kila digrii unayoisimamisha huondoa digrii moja ya lile tumbo la chini linaloizuia fimbo kuzama mchangani, kwa hiyo usipite digrii mbili.