Umeibuka, boti huioni: usivue vifaa, vua risasi

Hili la kuvua vifaa limenichosha sasa. Juzi tena kijana anayesomea udaivu masta, yaani uongozi wa wapiga mbizi, kijana mzuri tu na muogeleaji hodari, ananiambia kwa kujiamini kabisa kwamba ukiibuka ukakuta mkondo umeshakutoa na boti huioni, basi vua mtungi wa hewa, vua jaketi (lile la kujaza hewa linalokuelesha), achia vyote viende, uogelee ukiwa mwepesi mpaka nchi kavu. Nimeshaisikia hii Nungwi, nimeisikia Mafia, nimeisikia kwa wageni wenye kadi zao kutoka Ulaya, na kila anayeisema anaisema kama vile wote tulishakubaliana. Hatujakubaliana. Naandika hapa ili nikiulizwa tena nitume linki.

Tuanze na uzito manake ndo mzizi wa yote. Mtungi wa alumini tunaotumia wengi huku, ule wa lita 11, ukiubeba mchangani mtupu ni kama kilo 15 pamoja na vali, mgongo unakwambia wenyewe, alafu mtu anaichukua hesabu hiyo ya mchangani anaingia nayo majini. Majini haifanyi kazi. Mtungi uliojaa bar 200 (bar ni kipimo cha presha) una hewa ya karibu kilo 2.7, hiyo hewa unaitumia mbizi nzima, kwahiyo ukiibuka na bar 50 umebeba kitu kinachotaka kupanda juu, sio kushuka. Siku moja toa regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, vali ikiwa imefungwa, uachie mtungi wa bar 50 pale kwenye maji ya kina kifupi uangalie, utaona kitako kinanyanyuka kinachungulia. Huo ndo mnaousema utawazamisha. Mitungi ya chuma ni tofauti, mingi inabaki mizito kidogo hata ikiisha, lakini jaketi ya kawaida ya mtu mzima inabeba kilo 15 na kuendelea, kwahiyo hata huo wa chuma haukushushi popote ukiwa umejaza jaketi.

Kinachokushusha ni risasi, vile vipande vizito vya madini tunavyovaa kwenye mkanda kiunoni ili tuzame. Na hapa ndo hasira yangu yote ilipo, manake watu wale wale wanaobishana kuhusu kutupa mtungi, ukiwapa zoezi la ghafla hawaigusi risasi. Ripoti za vifo vya wapiga mbizi, za nchi tofauti na miaka tofauti, zinarudia jambo moja: mwili umepatikana, mkanda wa risasi bado uko kiunoni. Mtu alipigana na maji mpaka mwisho na kilo zake 6 za risasi. Kwanini? Sehemu ni taharuki, mikono inafanya kazi ya kupiga maji haina nafasi ya kutafuta bakoli, kile kifungo cha mkanda. Sehemu nyingine, na hii vitabu havisemi, ni kwamba risasi ni mali ya ofisi. Vijana wetu wanaogopa kukatwa hela, mgeni anaogopa bili. Nasema wazi mbele ya mwenye kituo yeyote: risasi iliyotupwa baharini na mtu aliyerudi mzima mtu asidaiwe hata senti, na hilo lisemwe kwenye maelezo ya asubuhi kabla boti haijaondoka. Mkono wa kulia kwenye bakoli, fungua, vuta mkanda mbele mbali na mwili usije ukakwama kwenye kisu au kwenye mtungi, ndo uachie. Ukishaanza kujiuliza kama umefika wakati wa kuuachia, umeshafika.

Sasa hii imani ya kuvua kila kitu imetoka wapi? Mimi nadhani sisi walimu tumeipanda bila kujua. Kwenye kozi ya mwanzo kuna zoezi la kuvua mtungi na jaketi juu ya maji na kuvaa tena, na kwa boti zetu ndogo tunalifanya kila siku: unampa nahodha risasi kwanza, unavua jaketi, anaipokea, ndo unapanda. Ni zoezi la kupandia boti. Boti ipo, mkono wa mtu upo, jaketi ikikutoka inashikwa. Mwanafunzi anabaki na picha kwamba mwisho wa mbizi vifaa vinavuliwa, basi siku boti haipo anafanya kile mwili wake ulichozoea.

Wanaobishana watasema, lakini mwalimu bila vifaa nitaenda kasi. Ndio utaenda kasi, kwa dakika chache. Maji yanakupinga kwa mraba wa mwendo wako, ukitaka mwendo mara mbili upinzani unakuwa mara nne, kwahiyo hata ukivua kila kitu faida ni ndogo kuliko unavyofikiria, na ulichokilipia ni kuelea. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 4 hadi 5, ukikiweka nje ya maji bila jaketi ni sawa na kuogelea huku umenyanyua tikiti maji, jaribu nusu saa tu wakati wa kusi bahari ikiwa imechafuka, alafu fikiria masaa sita. Ukiwa na jaketi unalala chali, unapiga finsi (mapezi ya miguuni) polepole, unapumzika ukichoka, na hakuna kinachoharibika ukipumzika. Bila jaketi ukipumzika kichwa kinashuka majini, hiyo ndo tofauti yenyewe.

Alafu unaogelea kwenda wapi? Noti, kipimo cha mwendo baharini, moja ni karibu mita 31 kwa dakika. Mpiga mbizi mzima aliyechoka hafiki noti moja kwa muda mrefu, na mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini, kipindi cha kusi, unaweza kupita noti 2. Siku za bamvua kwenye mlango wa maji wa Kinasi Pass pale Mafia tunaingia maji yakijaa ili yatupeleke ndani ya ghuba ya Chole, anayeingia maji yakipwa anatolewa nje, na hakuna mwogeleaji duniani, awe na mtungi au awe na chupi tu, anayerudi ndani kwa kushindana nayo. Unaogelea kukata mkondo kwa upande, sio kuukabili, au huogelei kabisa, unangoja upole wa maji na unajionyesha.

Kujionyesha ndo habari nyingine. Kutoka kwenye boti, kichwa cha binadamu kwenye mawimbi hakionekani. Jaketi, mtungi wa rangi, soseji ya chungwa iliyosimama (ule mfuko mrefu wa kujaza hewa wa kujionyeshea), na wewe na mwenzako mkiwa mmeshikana, hivyo vinaonekana. Juni 2008 wapiga mbizi watano walichukuliwa na mkondo kwenye hifadhi ya Komodo, Indonesia, walibaki kundi moja mpaka wakaweza kukiendea kisiwa cha Rinca, wakapatikana wote hai. Na Januari 1998 wanandoa wa Kimarekani waliachwa na boti yao kwenye miamba ya Great Barrier Reef, Australia, hesabu ya watu haikufanywa sawasawa na zikapita siku mbili kabla haijagundulika. Wao hawakuonekana tena. Majaketi yao yaliokotwa pwani, hayana dalili ya kushambuliwa na papa, na moja ya maelezo ya wataalamu ni kwamba kiu na jua viliwavuruga akili wakayavua wenyewe. Nani ajuaye kwa hakika, lakini kila nikisoma hiyo nafikiria jaketi linaloelea bila mtu.

Na regyuleta usiitupe mapema. Bar 50 kwenye lita 11 ni lita 550 za hewa, juu ya maji ukiwa umetulia ni dakika 20 na zaidi za kupumua wakati wimbi linakupita usoni. Snokeli, ule mrija wa kupumulia juu ya maji, ikiwepo vizuri, okoa hewa. Maski ibaki usoni sio kwenye paji la uso. Finsi usivue kamwe, hapo sina mjadala na mtu.

Je, kuna siku ya kuvua? Ipo. Umenaswa na nyavu na kisu hakifiki, toka kwenye jaketi. Jaketi limepasuka halishiki hewa, mtungi ni wa chuma na risasi zimeshakwenda, achia, wetisuti (nguo ya mpira ya kuzamia) ya milimita 3 itakuelesha kidogo. Mtungi peke yake unaweza kuutoa ukabaki na jaketi, ila kumbuka kuchomoa kwanza paipu ya kujazia jaketi hewa, na kuanzia hapo unajaza kwa mdomo. Na mtungi wa alumini uliokwisha sioni unachopata kwa kuutupa, uko kivulini mwa mgongo wako, haukupunguzi mwendo sana.

Linalonipa shida kwelikweli ni mwamba. Mawimbi yanavunjika juu ya matumbawe, maji yamepwa, na nchi kavu iko nyuma yake. Kuna walimu ninaowaheshimu wanasema baki navyo vyote, mtungi utakukinga mgongo. Wengine wanasema wimbi litaushika mtungi likubiringishe. Mimi nimebadilisha mawazo juu ya hili zaidi ya mara moja. Kwa sasa nawafundisha wabaki nje ya mawimbi wamejaza jaketi wangoje maji yajae, hata kama ni masaa manne, na mlango wa kwanza wa maji utakaoonekana ndo wauingilie, maski usoni, regyuleta mdomoni, finsi mbele.