Mwenzako Amekataa Kusaini: Shauri la Talaka Haliishii Hapo

"Amesema hasaini, na bila saini yake mimi sina pa kwenda." Dawati letu la msaada wa kisheria limezoea kusikia maneno hayo, na aghalabu anayeyasema ameshakaa na jambo lake miaka mingi akisubiri moyo wa mtu ulainike.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haiitambui saini hiyo. Anayevunja ndoa ni mahakama, baada ya kuridhika kwamba imeharibika kiasi cha kutorekebishika. Mwenza anaweza kuchelewesha, kutukana, hata kukwepa wito, lakini ruhusa ya talaka haimo mfukoni mwake.

Safari huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wengi wanalijua la kata. Yapo pia ya taasisi za dini, kama la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Usitegemee wakili kukusemea humo, jiandae kueleza mwenyewe. Na hapo ndipo mkaidi huanza vituko: wito wa kwanza ana safari, wa pili anaumwa, wa tatu simu haipokelewi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kilishamwona. Aliyeitwa barazani akakataa makusudi kufika hawezi kumfungia mwenzake mlango wa mahakama. Vivyo hivyo aliyetelekeza familia na hajulikani alipo, au aliye nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6.

Ila usiondoke barazani mikono mitupu. Kila wito uandikwe: ulitoka lini, nani aliupeleka, mwenzako alijibu nini. Usuluhishi ukishindikana, dai hati rasmi ya baraza, ile Fomu Namba 3, siyo kibarua cha "tumeshindwa, waende mahakamani." Nasisitiza hili kwa sababu Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mashauri yaliyokwishaamuliwa mahakama za chini kwa kasoro ya hati hii tu. Miaka ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, halafu mnaambiwa mrudi barazani!

Hati hiyo pia ina umri. Maombi ya talaka lazima yafunguliwe kabla haijapita miezi 6 tangu itolewe. Mume anaomba msamaha, mke anaiweka hati sandukuni, mwaka unapita, kipigo kinarudi. Hati ile haifai tena. Sisemi msisameheane. Nasema angalieni tarehe.

Maombi yanaweza kufunguliwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama. Mdaiwa akijificha ili asipokee wito, omba upelekwe kwa njia nyingine, kwa mfano kubandikwa mlangoni kwake au kutangazwa gazetini. Asipotokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Hata hivyo bado utatakiwa kuthibitisha: ukatili, uzinzi, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, na kadhalika. Beba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa), jumbe za simu, jirani aliyewahi kuamua ugomvi. Na usifanye ujanja wa kupeleka wito mahali unapojua hayupo, maana akithibitisha kwamba hakujua, hukumu itaondolewa na mtaanza upya.

Kwa uzoefu wangu, wengi wanaogoma hawaipiganii ndoa. Wanapigania nyumba. "Hati ina jina langu, utatoka na begi lako." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Haina maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, na mchango huthibitishwa. Risiti za saruji, rejesta ya kikoba ulikokopa, fundi aliyelipwa na wewe, hivyo ndivyo vitu vya kutafuta mapema, kabla hujafukuzwa.

Ukisikia ananong'ona na madalali, usingoje hukumu. Ndoa ikiwa bado hai, hawezi kuuza, kugawa wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Mahakama nayo inaweza kuombwa izuie mali isihamishwe shauri likiendelea, pamoja na kuamuru matunzo, kwani watoto hawawezi kungoja mpaka mtu aache kununa.

Na wewe uliyefungiwa cheti cha ndoa kabatini, funguo anazo yeye? Ikiwa ndoa ilisajiliwa, kumbukumbu zake ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nenda kaombe nakala.